Taa Zilizojifunza Huruma

"Jumapili, saa kumi alasiri," aliniambia. "Na usichelewe. Baba anahesabu dakika kuliko wewe unavyohesabu sekunde."

Tulikuwa kwenye ngazi za jengo letu la kuongozea taa za barabarani, yeye ngazi ya chini, mimi ya juu, ubao wake wa kuandikia kaukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi. Alikuwa ametoka barabarani muda huo huo, jua limemkausha midomo, vumbi limemkaa kwenye nyusi, na bado alikuwa mzuri hata nikasahau nilichotaka kusema.

"Na akinikataa?"

"Hawezi." Akacheka. "Ripoti yangu anayo tangu juzi. Kaisoma mara mbili. Leo asubuhi kanywa chai mpaka kaimaliza bila kuitukana taa hata moja. Unajua maana yake? Miaka mitatu hiyo haijatokea."

"Miaka mitatu anazitukana?"

"Kila asubuhi. Na nyingine kazipa majina."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Baba yake alikuwa askari wa usalama barabarani. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye makutano ya hospitali kwa glovu nyeupe na filimbi, akiyazuia magari na kuyaruhusu kwa kiganja. Kisha tukaja sisi na kamera zetu, na nyaya zetu chini ya lami, na kompyuta inayopanga muda wa taa kwa kuhesabu magari. Yeye akaambiwa apumzike. Aliapa kwamba mtu wa jengo lile hatavuka geti la nyumba yake, seuze kumwomba binti yake.

"Sasa nimemthibitishia kwa namba," akaendelea. "Sura ya nne. Taa zimejifunza kuwaona wazee. Jana kaniuliza, 'Kweli mama, zimejifunza?' Nikamwambia, kweli baba, nimesimama pale wiki sita, nimeona kwa macho yangu. Akanyamaza kabisa. Fundi, hujawahi kumwona baba yangu akinyamaza."

Nikayahamishia macho kwenye ubao wake.

"Mbona na wewe umenyamaza?"

"Nakusikiliza."

"Basi sema unafurahi."

"Nafurahi," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwake. Wa kwanza ndio uliojaa ile sura ya nne.

Nitaeleza ilivyokuwa, wala sitajipamba. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini kumi na mbili, kila skrini na makutano yake. Nyaya zilizofukiwa barabarani zinahisi chuma cha gari kikipita juu yake, kompyuta inajumlisha, inaamua upande upi uende na upi usubiri. Mimi naangalia isikosee. Mtembea kwa miguu hana chuma, kwa hiyo nyaya hazimjui. Yeye kapangiwa sekunde kumi na nane za kuvuka njia nne, saa zote, siku zote, awe mwanariadha au mgonjwa wa magoti.

Binti wa askari alikuja na barua ya chuo kikuu. Alitaka kujua taa hizi mpya zimewafanyia nini watu. Si magari, alisisitiza, watu. Mkuu wa kituo akaniagiza nimwonyeshe chumba. Aliniuliza maswali muda wa saa mbili nzima, na la mwisho likawa hili: "Kwa siku unawaona watu wangapi humu ndani?"

"Maelfu," nikajibu kwa kiburi.

"Unamjua hata mmoja?"

Kuanzia kesho yake nikawa namjua mmoja.

Alisimama makutano ya hospitali, skrini yangu namba saba, saa moja hadi saa tatu kila asubuhi. Mzee akianza kuvuka, yeye anatazama: amefika ng'ambo kabla taa haijabadilika, au ameachwa katikati? Anatia alama, basi. Kanuni ya kazi yake ni kutazama bila kuingilia. Siku ya pili, bibi mmoja mwenye mkongojo aliachwa katikati. Lori likampigia honi mpaka bibi akaangusha bahasha yake ya picha za eksirei, picha zikatawanyika kwenye lami. Mtafiti hakusogea. Alitia alama. Halafu nikamwona akikaa kwenye ukingo wa barabara, anafuta macho kwa mkono wa blauzi.

Sikuvumilia. Nikafungua ukurasa wa muda, nikaongeza sekunde kumi na nne.

Kila badiliko lazima liandikwe kwenye daftari la zamu, na jina, na saa, na sababu. Sababu ningeandika nini? Kwamba kuna dada analia? Nikaliacha daftari limefungwa. Saa tatu, alipoondoka, nikarudisha kumi na nane zile zile. Kesho yake nikaongeza tena. Na kesho kutwa.

Wala sitawasingizia wazee. Magari yakisimama sekunde thelathini na mbili, hakuna lori wala basi linalopita mbele ya kamera, na mimi nilimwona mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya raba. Nilijifunza anavyoegemea mguu wa kushoto akichoka. Nilijifunza anavyoiuma kalamu. Asubuhi moja tu nilimwona hivyo mara arobaini.

Wiki ya pili alipanda ngazi mbio, pumzi juu juu. "Kuna mtu amegusa muda wa makutano ya hospitali? Nimepima kwa saa yangu. Thelathini na mbili!"

Ningesema: mimi. Neno lenyewe fupi. Lakini alikuwa amesimama karibu yangu, jasho linamng'aa juu ya mdomo, na nikaona wazi kwamba nikisema, kesho atachukua ubao wake na kuhamia makutano nisiyoyaona.

"Hakuna aliyegusa," nikasema. "Mtambo unajifunza. Umeona wazee ni wengi, ukawaongezea."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Akafungua daftari la zamu, akapitisha kidole. Halikuwa na kitu. Akaniinulia uso, na siwezi kuusahau ule uso. Mchana ule ndipo alipokubali kwa mara ya kwanza tunywe chai pamoja.

Kwa hiyo, Ijumaa ile alipoondoka ngazini, nilirudi kwenye kiti changu. Mwenzangu wa zamu tunamwita Kijiko, kwa sababu hakuna sufuria ya mtu asiyoikoroga.

"Bwana harusi," akasema, "mbona umekaa kama umeitwa mahakamani?"

"Kijiko, niache."

"Nikuache vipi? Nimekuona wiki sita unaminya kitufe saa moja, unaminya saa tatu. Nilidhani ni dawa umeandikiwa na daktari." Akavuta kiti karibu. "Nisikilize. Nyamaza. Mzee amelainika, binti anapata shahada, baraza la jiji linafunga taa zetu makutano arobaini mengine, wewe unaoa. Nani ameumia hapo?"

Ilikuwa inakaribia saa tano, na kwenye skrini namba saba babu mmoja mwenye bandeji kichwani alikuwa amekwama katikati ya barabara, magari yanampita mbele na nyuma, naye kashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hebu sogeza kichwa," Kijiko akasema, "nione."

Akaona. Akarudisha kiti chake mahali pake, na siku hiyo hakukoroga tena.

Jumapili nilifika saa kumi kasoro dakika tatu. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, viti vimepangwa kama vinasubiri ukaguzi. Tangu mama yake afariki walikuwa wakiishi wawili tu. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mkono, goti la kulia kalinyoosha juu ya kigoda, ripoti mapajani, vipande vya karatasi vimechomoza kila baada ya kurasa chache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Si hapo. Hapo, ninapokuona."

Nikakaa aliponionyesha. Binti yake akaleta chai, akapita mbele yangu, pindo la gauni likanigusa goti. Hakunitazama, lakini niliona shavu limetabasamu.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenirithi," mzee akasema.

"Mimi ni fundi tu, mzee."

"Fundi tu. Na mimi nilikuwa askari tu. Basi tumekutana, tu na tu."

"Baba," binti akasema.

"Nimemkaribisha, mama. Hivyo ndivyo ninavyokaribisha." Akavaa miwani, akafungua penye karatasi. "Binti yangu anaandika vizuri. Sikiliza. 'Mfumo umeonyesha uwezo wa kuwatambua watu dhaifu na kuwahudumia bila kuamriwa.' Bila kuamriwa! Mimi niliamriwa kila siku, na bado walilalamika."

Akavua miwani, akayasugua macho. Nilitegemea simba. Huyu alikuwa mtu aliyechoka.

"Nataka kukubali, kijana. Kwa kweli nataka. Utu uzima huu kuwa adui wa nguzo ya chuma ni aibu. Alhamisi baraza la jiji linaisoma hii. Wakiipitisha, makutano arobaini mengine yanafungwa taa zenu, na askari waliobaki wanakwenda nyumbani. Vijana wangu wote. Na kama mashine inamwona bibi mwenye mkongojo kuliko wao, basi waende." Akanigeukia. "Na huyu kaniambia mna jambo lenu. Nikiikubali ripoti, nimekukubali na wewe. Sina sababu nyingine. Una kazi, una adabu, umechana nywele."

"Baba jamani!"

"Si amechana? Nasema uongo?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha aina moja, cha puani. Moyo wangu ukaomba kitu kimoja tu: nizeeke nikikisikia kicheko hicho kutoka vyumba viwili.

"Ila nina swali dogo," mzee akasema. "Goti langu linatibiwa pale hospitali, Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana. Naachwa katikati. Kila mara, haipiti siku. Sasa mashine ikishajifunza asubuhi, mchana inasahau?"

"Baba, mchana wazee ni wachache," binti akadakia, "na mfumo unapima wingi, kwa hiyo..." Akasita. Akanigeukia, macho yake yamejaa imani mpaka pomoni. "Mweleze wewe, fundi. Wewe ndiye unayeujua."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa mdomoni, jibu zuri lenye maneno makubwa: viwango, wastani, saa za msongamano. Mzee angelimeza. Angenipa mkono, na mkono ule ungenipa mke. Nilimtazama binti yake, nikaona jinsi alivyoinamia mbele kidogo kunisikiliza, midomo imefunguka nusu, na nikajua kwamba nikisema maneno yale nitamwoa, halafu kila asubuhi ya maisha yangu nitaamka kando ya mtu ninayemwibia.

"Hazijajifunza, mzee," nikasema.

"Nini?"

"Taa. Hazijajifunza kitu. Ni mimi. Kila asubuhi saa moja niliongeza sekunde kumi na nne kwa mkono wangu, na saa tatu nikazitoa. Sikuandika kwenye daftari. Aliponiuliza, nilimdanganya."

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani yake, taratibu sana.

"Kwa nini?" Mzee ndiye aliyeuliza.

"Kwa sababu alilia. Halafu... kwa sababu nilikuwa namtazama."

Binti yake alisimama. Alikwenda mpaka kwenye kiti cha baba yake, akaichukua ripoti mapajani mwake, akachomoa vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, akavipanga mezani. Kisha akatoka nje bila kufunga mlango.

Mzee hakunifukuza. Ingekuwa nafuu.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "na mimi niliwaongezea watu muda. Mama mjamzito, dakika. Kipofu, dakika mbili. Jeneza, hata robo saa. Wala sikuandika popote. Unajua tofauti yangu na yako?"

"Hapana, mzee."

"Mimi nilionekana. Dereva akikasirika, alijua wa kumtukana. Bibi akivuka, alijua wa kumshukuru. Wewe ulijificha nyuma ya mashine, ukaiacha ipokee shukrani zako, na sasa karibu ipokee kazi za watu." Akalishusha goti kutoka kigodani kwa mikono miwili. "Umesema kweli mbele yangu, hilo nimeliona. Lakini binti yangu simpi mtu anayependa kwa kujificha. Nenda. Yuko getini, usimwache peke yake."

Alikuwa kaegemea geti, mgongo kwangu.

"Wiki sita," akasema bila kugeuka. "Unanitazama kwenye skrini wiki sita."

"Ndiyo."

"Nikijikuna, nikipiga miayo."

"Ndiyo."

"Si ungeshuka tu! Dakika kumi kwa miguu! Ungekuja barabarani ukaniambia, dada, nimekupenda. Ningekutukana kidogo, halafu ningekubali."

"Niliogopa."

"Wewe? Wewe unayegombana na mkuu wako kila Jumatatu?" Akageuka. Hakuwa analia, na hilo likanitisha zaidi. "Unajua sura ile niliandikaje? Nililia nikiiandika. Nilidhani nimekuta kitu duniani kilichojifunza kuwaona watu bila kuombwa."

"Kilikuwepo," nikasema. Kiburi changu kikapanda, hata pale. "Kilikuwa mimi."

"Wewe hukuwaona wao. Uliniona mimi. Saa tatu nikiondoka, wao ulikuwa unawafanya nini?"

Akashika komeo la geti.

"Kesho asubuhi naliandikia barua baraza la jiji. Alhamisi hawasomi kitu. Naanza upya, makutano yale yale, siku thelathini za kazi. Namba za kweli, hata zikiwa mbaya. Hasa zikiwa mbaya." Akavuta pumzi. "Na wewe usinipigie simu. Usije chuoni. Usinitumie salamu kwa yule mwenzako mbea."

"Na sisi?"

"Sisi tupo?" Aliuliza kweli, kama anayetaka kujua. Kisha akafungua geti, akasimama pembeni nipite. Nilipita karibu yake kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni ya nguo zake. Nikaendelea kuisikia mtaa mzima.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa kituo kila kitu, nikatia sahihi. Alinipigia kelele mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuangalia. Akanipa onyo la maandishi, na alikuwa anataka kuninyang'anya neno la siri la kuingilia kwenye mtambo, ndipo ilipofika barua kutoka chuo kikuu. Nilisomewa kwa sauti. *Mhusika aachiwe nafasi yake na uwezo wake wote. Utafiti sasa unachunguza pia mwenendo wa watu walio nyuma ya taa. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, mtafiti atapiga simu ya ofisi na kumuuliza mhusika swali moja.*

"Mhusika ndiyo wewe," Kijiko akaninong'oneza.

Kumbe nimekuwa mstari kwenye jedwali lake.

Simu ya kwanza ililia saa tatu kamili. "Mtafiti wa makutano ya hospitali," sauti ikasema, kavu, kama haijawahi kuniita fundi. "Leo kuna mtu amegusa muda?"

"Hakuna."

Ikakatwa.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Siku nzima niliishi kwa ajili ya sentensi ile moja. Nilijifunza kuichambua: leo ana mafua, leo kapumzika, leo upepo ulikuwa mkali. Neno langu nililiandaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikilijaribu kwa sauti hii na ile, na kila siku lilinitoka lile lile, na simu ikakatwa kabla sijalimaliza vizuri. Kwenye skrini nilimwona kama zamani, ila sasa magari yalimfunika. Lori likipita, anapotea. Basi likipita, anapotea. Nilikuwa napewa vipande vyake tu: bega, ubao, kisigino cha kiatu cha raba.

Na wazee waliachwa katikati. Kati ya kumi, sita, wakati mwingine saba. Sasa niliwatazama wao. Bibi wa eksirei alirudi mara mbili, mara zote mbili akakwama. Nilianza kuwajua kwa mwendo wao.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Saa mbili na nusu akatokea mzee mrefu mwenye kofia, mguu wa kulia hakunji. Nilimtambua kabla hajafika kivukoni. Alikuwa ameihamisha miadi yake ya hospitali ikawa asubuhi, na hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba ni makusudi.

Taa ikamruhusu. Akashuka barabarani, hatua, hatua, hatua. Binti yake alikuwa ukingoni, ubao mkononi, mita nne kutoka kwake. Hakusogea. Sekunde kumi na nane zikaisha na mzee yuko kwenye mstari mweupe wa katikati. Magari yakaanguruma pande zote mbili. Basi likampita karibu hata kofia ikatingishika. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama yuko gwaridani.

Ukurasa wa muda ulikuwa wazi mbele yangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Wala sikumbuki kilivyofika pale.

"Usiminye," Kijiko akasema nyuma yangu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Au minya. Mimi sijui tena."

Sikuminya. Kwenye skrini binti alishusha macho, akatia alama. Dakika mbili na sekunde kumi mzee alisimama pale, mpaka taa ikarudi. Akavuka. Hakumtazama binti yake, akaingia hospitali.

Saa tatu simu ililia.

"Mtafiti wa makutano ya hospitali. Leo kuna mtu amegusa muda?"

"Hakuna."

Nikasubiri ikatwe. Haikukatwa. Nilisikia honi kwa mbali, na muuza magazeti anaita, na pumzi.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mezani."

"Fundi."

Zaidi ya wiki mbili sikuwa nimeitwa hivyo. Nilishika ukingo wa meza. "Kwenye kitufe," nikasema.

"Mkono ukafanya nini?"

"Ukabaki hapo hapo."

Kijiko, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliinuka na kutoka chumbani bila kuambiwa.

"Alama yake nimeitia kwa nguvu," akasema hatimaye, na sauti haikuwa kavu tena. "Imetoboa karatasi tatu. Sijui kama wasahihishaji watanielewa."

"Watakuelewa."

"Wewe usiniambie watakachoelewa." Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Bado siku ishirini na moja."

"Najua. Nazihesabu."

"Usizihesabu. Kuhesabu ni kazi yangu."

"Haya."

Nilidhani amemaliza. Basi likapita kwake, likaijaza simu kelele, na lilipotoka, yeye alikuwa bado yupo, mdomo karibu zaidi na simu.

"Kesho nikikuuliza," akasema, "usinijibu haraka."